Wewe unaogopa ziwa, mimi naogopa korongo

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, naishi Ujiji. Mwaka 2018 nilinunua kiwanja upande wa chini unaoelekea mto Luiche, mita 20 kwa 30. Kina ofa, yaani barua ya kumilikishwa, ila jina lililomo ni la aliyeniuzia. Kimeelekea ziwani. Mwaka 2024 ziwa lilipojaa, maji yalifika kwenye mwembe mkubwa ulio mbele yangu yakakomea pale. Kutoka mwembeni hadi bikoni zangu za mbele nimepima kwa futi, ni mita 45. Nyuma ya kiwanja, kama hatua kumi, kuna korongo. Kiangazi ni kavu, watoto wanachezea mpira humo. Nataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Fundi ananiambia nimwage kifusi kiwanja kizima na nichimbe msingi Septemba hii kabla ya mvua, kibali kitafuata, kwani ziwa limeshaanza kurudi. Dada yangu anasema eneo la mafuriko hawatoi kibali kabisa. Nimsikilize nani?*

Marahaba, mwanangu. Fundi wako amekosea. Dada yako naye hajapatia, ingawa kosa lake halitakutia hasara. Hakuna sheria inayosema mtaa mzima haujengwi kwa sababu uliwahi kufurika. Kuna umbali wa kuacha, kuna matumizi yaliyochorwa kwenye ramani ya mipango miji, na kuna afisa atakayesimama kiwanjani kwako aulize maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Nimekaa upande wa pili wa meza ya vibali miaka mingi, nikipokea michoro na kuirudisha. Mingi haikurudi kwa sababu nyumba ilikuwa mbaya. Ilirudi kwa sababu ilichorwa kama inaning'inia hewani, haina ardhi chini yake, haina jirani, haina mfereji.

Sasa nikuambie kilichonishtua. Barua yako yote ni ziwa. Korongo umelitengea sentensi moja, tena na watoto wanacheza mpira ndani yake. Mimi niliposoma nililiona korongo kwanza.

Ziwa Tanganyika ni zito na lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji yake mengi hayaondoki hata kwa mlango huo, huondoka kwa jua, yanapanda kuwa mvuke. Ndiyo maana likijaa huchukua miaka kushuka. Mwaka 1964 lilipanda sana baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ile, na wazee wa Ujiji waliokuwa watoto wakati huo bado wanakuonyesha lilipofika. Miaka hii ya karibuni, hadi 2024, limerudia. Nenda nyuma zaidi: Stanley alipomkuta Livingstone hapo hapo Ujiji mwaka 1871, ziwa lilikuwa juu kuliko tunavyolijua sisi, maana mlango wa Lukuga ulikuwa umeziba. Ulipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yakashuka kama mita 10 ndani ya miongo michache. Leo ukisimama penye mnara wa kumbukumbu, maji yako mbali. Kwa hiyo fundi akikuambia ziwa linarudi, anasema kweli, lakini ni kweli ya mwaka huu na nyumba unajenga ya wajukuu.

Hata hivyo ziwa lina adabu, hubisha hodi. Linapanda kidole kwa kidole, unapata muda wa kutoa godoro, friji na vyeti vya shule. Korongo halibishi. Mvua ikipiga saa mbili kwenye miinuko ya juu, wewe kwako unaona mawingu tu, na ghafla maji mekundu yamejaa matope, matawi na chupa za plastiki yako mlangoni. Yakikuta kalavati limezibwa na taka yanatafuta njia nyingine, na njia nyingine mara nyingi ni ua wa mtu. Yanapita kwa saa tatu kisha yanakwisha, lakini hizo saa tatu zinatosha kuchimba chini ya msingi na kuuacha ukining'inia.

Kuna na maji ya aina ya tatu, yale ya kata ya Katubuka hapo Kigoma, ya mvua inayokusanyika bondeni na kukosa pa kutokea. Hayo kwako sidhani kama yapo, ila ukimwaga kifusi kiwanja kizima utakuwa umemtengenezea jirani yako. Nitalirudia.

Nikubali kosa langu kabla sijaendelea. Katika halmashauri moja niliyoanzia kazi, mkoa mwingine kabisa, nilipitisha mchoro wa nyumba nzuri sana bila kwenda kiwanjani. Ilikuwa Oktoba, gari la ofisi halina mafuta, mwenye nyumba ananisubiri kwenye benchi. Mchoro ulionyesha nyuma ya nyumba kuna "njia". Mwezi wa nne nikaitwa. Ile njia ilikuwa mkondo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umelala chali na masufuria yalikuwa yameshikwa na matete mita hamsini chini. Mama mwenye nyumba hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo sisaini kitu ambacho sijakikanyaga.

Haya, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au wa ziwa la asili, ukingo wa mto, au bwawa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Ofa haikuvushi hapo. Nimewaona watu wanapunga ofa mbele ya afisa mazingira kama vile ni tiketi ya treni.

Mita 60 kutoka wapi, ndilo swali. Wewe umeanzia mwembeni, maji yalipofika 2024, na hapo nakupongeza kwa sababu watu wengi huanzia maji yalipo siku waliyoshika futi. Kwenye ufukwe bapa kama huo, mteremko ukiwa mita 1 kwa kila mita 50, ziwa likipanda mita 2 linatambaa mita 100 nchi kavu. Anayepima Oktoba, ziwa likiwa chini, na anayepima Mei, likiwa juu, watakuletea majibu mawili tofauti kwa kiwanja kimoja. Shika alama ya juu kabisa ambayo watu wanaikumbuka na inayoonekana. Ukuta wa jirani aliyehama utakusaidia: tazama mstari wa kahawia, chini yake plasta imevimba na kutoa chumvi nyeupe, juu yake rangi iko vilevile. Mstari huo piga picha, weka futi pembeni yake ionekane.

Kwa vipimo vyako, mita 45 ziko nje, zinabaki 15 za kuacha ndani ya kiwanja. Kiwanja kina urefu wa mita 30, unabakiwa na 15 za nyuma. Ukiacha tuseme mita 3 mpakani, una mita 12 za kukaa nyumba kwa upana wa mita 20 kutoa za pembeni. Nyumba ya vyumba vitatu inaingia, haibanani hata. Kwa ziwa peke yake ningekuambia endelea, ila sogea nyuma kabisa.

Na ukisogea nyuma kabisa unamwendea nani? Korongo. Hatua kumi za mtu wa kawaida ni mita saba au nane. Ukuta wako wa nyuma utakuwa mita 10 au 11 kutoka ukingoni. Kama korongo hilo linahesabiwa kuwa mto, mita 60 zake zinameza kiwanja chote na kubakiza, na hapo hakuna mchoro wala mhandisi atakayekusaidia. Kama ni mfereji wa maji ya mvua uliochorwa kwenye ramani ya mipango miji, basi utakuwa na hifadhi yake yenye upana uliotajwa, na kinachotakiwa ni wewe kuwa nje ya hifadhi hiyo na kuthibitisha kwamba ukingo hautakufuata. Kibali chako kinaning'inia kwenye jibu hilo moja. Hata fundi, hata dada yako, hakuna aliyeuliza.

Jibu linapatikana sehemu mbili na bahati nzuri zote ziko mjini Kigoma. Kwanza ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Kigoma Ujiji: omba kuona ramani ya mipango miji ya kitalu chako, na utafute korongo hilo limeandikwaje. Pili Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Hao ndio wenye neno kuhusu vyanzo vya maji na mikondo, na makao yao makuu yako hapo hapo. Waandikie barua, ambatanisha ofa na mchoro wa kiwanja, uliza wazi: mkondo ulio nyuma ya kiwanja namba fulani unahesabiwa vipi, na umbali wa kuacha ni upi? Usiridhike na jibu la mdomo la kijana wa mapokezi, hata akiwa mkarimu namna gani. Unataka karatasi yenye mhuri, kwa sababu afisa aliyekujibu leo mwakani anaweza kuwa Nachingwea.

Mpaka karatasi hiyo ije, lihesabu korongo kuwa mto, na usimlipe mchoraji senti.

Wakati unasubiri, lisome wewe mwenyewe. Ukitoka zamu siku moja, shuka humo watoto wanamochezea. Angalia vichaka vya ukingoni: mifuko ya plastiki na nyasi kavu zilizonaswa kwenye matawi ziko urefu gani? Hapo ndipo maji yalipofika msimu uliopita. Angalia ukingo wa upande wako. Ukiwa umekatwa wima kama kisu na mizizi inaning'inia, korongo linakula kuelekea kwako. Ukiwa umelala na nyasi zimeota, linakula upande wa pili, na pole kwa mwenzako. Halafu muulize mtu aliyekaa pale kabla ya 2018, si dalali, korongo lilikuwa umbali gani siku unanunua. Kama lilikuwa hatua ishirini na leo ni kumi, hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne anaimaliza.

Kuna jambo la karatasi ambalo ni jepesi lakini litakukwamisha dirishani kabla hujafika kwenye maji. Ofa ina jina la aliyekuuzia. Kibali huombwa na mmiliki, kwa hiyo anza na uhamisho wa milki: mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, kibali cha uhamisho kutoka ofisi ya ardhi, kodi za TRA, na deni la kodi ya pango la ardhi likiwepo lilipwe. Kodi ya faida ya mauzo kisheria ni ya muuzaji, ila uliponunua nina hakika hamkuandika lolote kuhusu hilo, kwa hiyo mtafute mapema mkiwa bado mnasalimiana.

Tuseme sasa barua ya Bodi imekuja vizuri: ni mfereji wa mvua, hifadhi yake haigusi kiwanja chako. Hapo ndipo unaenda kwa mchoraji, na kabla ya kwenda fanya kazi moja ya mpira wa maji. Ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mafundi wote wanao. Chukua vijana wawili. Mmoja asimame mwembeni na kigingi kilichowekwa alama usawa ulipofika maji, mwingine asogee kuelekea kiwanjani kadiri mpira unavyofika, apige kigingi, ahamishe alama, kisha waendelee hivyo hivyo mpaka katikati ya sehemu utakayojenga. Mwisho utajua kitu ambacho wenye viwanja wengi huko chini hawakijui: ardhi yako iko juu au chini ya maji ya 2024 kwa sentimita ngapi. Rudia upande wa korongo, ukianzia kwenye ile mifuko iliyonaswa. Utapata namba mbili. Iliyo juu zaidi ndiyo bwana wako. Sakafu ya nyumba iwe juu ya namba hiyo kwa sentimita 60. Wengine hutosheka na 30, lakini ziwa likiwa juu kusi nalo huwa karibu kuanza, na wimbi halisomi vipimo.

Mpira ni wa kukusaidia kuamua. Kwenye mchoro wa kupeleka manispaa utahitaji mpima aliyesajiliwa akuwekee usawa wa ardhi kwa kifaa chake. Na hapa ndipo mchoro wa eneo la mafuriko unapotofautiana na wa kwenye kilima kule Bangwe. Ramani ya kiwanja ionyeshe usawa kwenye kila bikoni, mwembe, alama ya maji ya 2024, ukingo wa korongo na umbali wake, nyumba za majirani, na mishale ya maji ya paa lako na ya ua yanavyotoka na mahali yanapoishia. Mchoro wa kukata nyumba katikati uonyeshe mstari wa maji ya mafuriko na juu yake usawa wa sakafu, vyote viwili kwa namba. Afisa akiuona mstari huo anaelewa kwamba anaongea na mtu aliyefikiri. Nimeona majalada mazito, yana hadi picha ya rangi ya nyumba yenye bustani na gari jekundu, na hayana mstari huo.

Mhandisi wa majengo mtafute hata kama hukudaiwa. Halmashauri nyingi humdai kwa ghorofa na huachilia nyumba ya chini, lakini wewe hujengi kwenye ardhi ya kawaida. Kuelekea Luiche unaweza kukuta mchanga wa ziwa juu na mfinyanzi chini, au kinyume chake. Mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nyumba hupasuka kona za madirisha. Lichimbwe shimo la majaribio, mita mbili, mwishoni mwa masika, liachwe usiku kucha, asubuhi muangalie maji yamesimama wapi. Hilo litamwambia mhandisi kama unahitaji mkanda wa zege wenye nondo chini ya kuta au jamvi la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima. Chini ya sakafu usitumie tofali za kuchoma, hunywa maji kama andazi kwenye chai. Jiwe au bloku za saruji zilizoshindiliwa vizuri.

Kifusi sasa. Fundi anataka ujaze kiwanja kizima. Mita 20 kwa 30 kwa kimo cha mita moja ni mita za ujazo 600 baada ya kushindiliwa. Ukihesabu kwamba kifusi hupungua kikishindiliwa, unahitaji kama 750, yaani lori 150 za mita tano tano. Muulize bei ya lori moja ukimaliza kusoma hapa. Na ukishalipa, umejenga nini? Umejenga tuta kati ya mtaa na ziwa. Maji ya mvua yaliyokuwa yanapita kiwanjani kwako kwenda chini yatasimama kwa jirani wa nyuma au wa pembeni, naye ataenda kwa mtendaji wa mtaa kabla sakafu yako haijakauka. Maafisa wanalijua hilo, na kujaza kiwanja kizima bondeni ni njia ya haraka ya kunyimwa. Inua nyumba peke yake. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 11, kuinua sakafu kwa sentimita 90 ndani ya kuta za msingi ni kama mita za ujazo 100, lori 25 hivi, zimwagwe kwa tabaka na kila tabaka lishindiliwe kwa maji. Ua uache ulivyo, maji yapite. Zile mita 15 za mbele panda michungwa au mchicha. Uzio usiwe wa ukuta wa bloku, maana utageuza kiwanja kuwa bakuli, na mbele huko nao ni ujenzi wa kudumu. Michongoma au senyenge inatosha.

Nimebakiza choo, na hapa afisa afya ndiye atakayekuwa mkali kuliko wote, ana haki. Maji ya chini yakiwa karibu, shimo la kunyonya halinyonyi, linarudisha. Na kinyesi kinachorudi Ujiji kinaenda kisimani kwa mtu. Wewe muuguzi sina haja ya kukutajia kipindupindu. Lakini kuna ajabu nyingine ambayo watu hawaamini mpaka waione: karo tupu, yaani tangi la maji taka lililozikwa, huelea. Chukua karo la nje mita 2 kwa 1.5, kina mita 1.5. Ni mita za ujazo 4.5, kwa hiyo maji yakilizunguka hadi juu yanalisukuma kwa nguvu ya tani 4.5. Zege la chini la sentimita 15, kuta za bloku za inchi sita na mfuniko, vyote pamoja vinapata tani 4 na kidogo. Likiwa tupu, limetoka kunyonywa na gari la maji taka wiki hiyo, linanyanyuka. Nimeliona moja limechomoza ardhini kama mgongo wa kiboko, bomba limekatika na mama mwenye nyumba anauliza ni nani aliyeling'oa. Kwa hiyo mchoro wako uonyeshe karo lenye sakafu nene iliyotokeza nje ya kuta ili udongo uikalie, mfuniko ulio juu ya mstari wa mafuriko, na sehemu ya kunyonya iliyoinuliwa kwenye tuta la mchanga na kokoto, si iliyochimbwa. Iwe mbali na korongo.

Kuomba kwenyewe ndiyo sehemu fupi. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI: unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unapakia michoro, hati ya umiliki iliyo kwa jina lako na risiti ya kodi ya ardhi, unapata kontroo namba unalipia. Jalada linapita kwa ardhi, mipango miji, afya na mhandisi, na kila mmoja anaandika maoni. Pakia na barua ya Bodi ya Maji hata kama mfumo haukuiomba. Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe kiwanjani, usimtume fundi. Kama mnaweza kupanga siku hiyo iwe ndani ya msimu wa mvua, afadhali. Waombaji wengi huogopa kuonyesha kiwanja kikiwa na matope, lakini afisa aliyeona maji yanapita pembeni na nyumba haiguswi atasaini kwa moyo mweupe kuliko yule aliyeona vumbi akabaki kukisia.

Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi. "Eneo la mafuriko" peke yake si sababu kamili. Sababu kamili inataja umbali, usawa au matumizi ya ardhi, na nyingi hurekebishika kwa kusogeza nyumba mita mbili au kuinua sakafu. Ikiwa imetaja korongo kuwa mto, acha kubishana na michoro, nenda ofisi ya ardhi na historia ya kiwanja. Kama kiliwahi kugawiwa na halmashauri yenyewe kwa upimaji rasmi, una hoja ya kuomba kiwanja mbadala, na aliyekuuzia atakuwa shahidi wako, sababu nyingine ya kutogombana naye kuhusu kodi.

Kuhusu msingi wa Septemba: ukichimba bila kibali, utakachopata kwanza ni barua ya kusimamisha ujenzi, kisha alama nyekundu ya X ukutani, na baada ya hapo hata ukiwa ulikuwa na haki ya kupata kibali, unaanza mazungumzo ukiwa mkosaji. Mwambie fundi asubiri. Kama anataka kazi kwako, ipo ya kuvuta mpira wa maji wiki hii, na nyingine mwezi wa nne mwakani ya kuchimba lile shimo la mita mbili. Alilipie jembe lake.